Mboga Niliyoiacha Petta

Achieng mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga Mama Saida, na mimi namjua Mama Saida: hatakuachilia kabla hujanywa chai mara mbili na kusikia habari za wajukuu wake wote. Wandera amelala kwenye mkeka karibu na miguu yangu, mdomo wazi, kijiko bado kiko mkononi. Jua la saa tisa limeingia mpaka kwenye kizingiti. Nina muda wa kutosha kuandika jambo ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo miaka yote uliyoishi.

Mambo ya safari sitayagusa. Wewe ndiye uliyenifundisha kutumia simu, siwezi kukufundisha uwanja wa ndege. Kesho unakwenda ng'ambo kuwatunza wazee wa watu wengine kwa miaka miwili, na mkataba haukuruhusu kumchukua mtoto. Mumeo, kazi yake ya malori haina nyumba. Kwa hiyo ukaniambia, "Baba, Wandera atabaki na wewe," ukalisema kama mtu anayetua mzigo mahali anapopajua. Wifi yako Nabwire wa Buhehe alikuwa amekuomba umpe yeye, nawe ukamkatalia kwa ajili yangu. Nabwire ana ng'ombe wa maziwa na watoto wanne wenye miguu iliyonyooka. Kabla hujanichagua mimi, yafaa ujue unamchagua nani.

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini Mama Saida ananiita Baba Owor wakati mtaa mzima unaniita Baba Achieng. Nikakuambia ulikuwa na kaka, akafa kwa surua. Kaka ulikuwa naye. Surua haikuwepo.

Unajua kwamba nilivuka mpaka nikiwa mwalimu kijana, mwaka mmoja baada ya kumwoa mama yako, wakati watu wenye bunduki walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kule kwetu. Usichokijua ni habari za kambi, kwa sababu sikuwahi kuzisimulia. Tulipokelewa mahali pa wakimbizi, tukapanga mstari na sufuria, tukapewa mahindi ya njano na maharagwe. Kesho yake mahindi ya njano na maharagwe. Ikawa hivyo miezi minane. Waliotugawia hawakuwa watu wabaya. Lakini mtu aliyezoea kuitwa mwalimu, akisimama kwenye mstari ameshika sufuria, kuna kitu ndani yake hukatika na hakiungiki vizuri tena. Siku tuliyotoka pale kuja kuishi hapa Busia, nilimwambia mama yako njiani, "Mtoto wangu hatakula mgao. Atakula chakula cha kwetu."

Na chakula cha kwetu, moyoni mwangu, kilikuwa kitu kimoja: kwon, ugali wetu mweusi wa wimbi uliochanganywa na muhogo. Hata leo nikifumba macho namwona mama yangu kule Petta akiuepua, akiuviringa kwa kibuyu kilicholowa maji mpaka unang'aa kama jiwe la mtoni. Nasikia harufu yake ya moshi. Naiona mikono yetu sisi watoto ikigongana kwenye sahani moja. Nimekaa upande huu wa mpaka karibu miaka arobaini na sijawahi kula kitu kilichonishibisha namna ile.

Nikapata kazi katika godauni moja la nafaka karibu na mpaka, kuandika mizigo na kushona midomo ya magunia. Kutwa nzima nilizungukwa na maharagwe, njugu, kunde na simsim. Nilirudi nyumbani na vumbi la maharagwe kwenye nyusi, na ndani ya nyumba yetu hapakuwa na punje hata moja. Nilikuwa nimekula kiapo.

Owor alizaliwa mwaka wetu wa kwanza hapa. Alikuwa mtoto wa kucheka. Alimcheka kuku, akaucheka mlango. Alipopita mwaka na miezi michache, mama yako akapata mimba yako. Jopadhola wenzetu, Wasamia na Wateso wa mtaa ule walikuwa na neno moja juu ya hilo: maziwa ya mwenye mimba yameharibika, aliye nje aachishwe ziwa. Akaachishwa kwa siku moja. Nami, msomi wa nyumba, nikatoa amri kwamba atanyweshwa uji wa kwetu. Mwanzoni ulikuwa wa wimbi na muhogo. Wimbi ulipoadimika sokoni, ukawa wa muhogo mtupu, mweupe, laini, mtamu kwa sukari. Mama yako alipotaka kumpa yai la kuku wake, nikamkumbusha tuliyoambiwa na wazee, kwamba mtoto akila yai kabla hajasema, atachelewa kusema. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, Achieng, lakini hilo sikuwahi kulihoji.

Owor hakulala na njaa hata siku moja. Alikula mpaka akasukuma kikombe. Tumbo lilijaa kila siku.

Jioni moja Mama Saida alituletea bakuli la maharagwe na wali. Unalijua lile bakuli lake la bati, la bluu, lililobanduka rangi ukingoni. Ndio kwanza walikuwa wamehamia nyumba ya pili, mumewe dereva, yeye akiuza vitenge. Mama yako alilipokea kwa mikono miwili. Mimi nikalitazama, nikaona sufuria ya kambi. Nikasema, "Lirudishe."

"Nilirudishe limejaa?" mama yako aliuliza.

"Mwambie tunashukuru, lakini sisi si watu wa mgao."

Akalirudisha. Sijui alitumia maneno gani. Mama yako alijua kupunguza ukali wa maneno yangu kabla hayajafika kwa watu. Alipotoka, Owor alilifuata lile bakuli mpaka mlangoni.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kunenepa, au ndivyo nilivyoona. Mashavu yakajaa, miguu ikawa minene. Mimi na mama yako tulikuwa wembamba kama fito, kwa hiyo nilimbeba kifuani kama barua ya sifa. Siku moja nikampeleka godauni. Pale tulikuwa na mchukuzi mmoja Mteso, Ekisa, aliyeweza kubeba gunia huku akisimulia hadithi.

"Mwalimu," akasema, "mtoto yako nanona. Mashavu kama mandazi. Unamlisha nini?"

"Chakula cha Petta," nikajibu, na nilijisikia mrefu.

"Basi mimi nakwenda Petta. Mke yangu kila siku kunde, kila siku kunde. Mpaka watoto wangu nafanana na kunde."

Tulicheka wote. Watoto wa Ekisa walikuwa wakikimbizana kati ya magunia, wadogo, weusi ti, hawatulii. Owor alikaa pale nilipomweka. Hakucheka. Nywele zake zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu ya mahindi, na mama yako alipoogopa nilimwambia ni jua.

Aliyeona alikuwa Mama Saida. Alikuja kuchukua kamba yake ya kuanikia, akasimama mlangoni, akamtazama mtoto muda mrefu. Nilidhani bado ana kinyongo cha bakuli.

"Baba Owor," akasema, "hebu mbonyeze mguu."

"Nini?"

"Mbonyeze mtoto mguu, hapo juu ya kifundo. Si wewe umesoma? Bonyeza."

Nikabonyeza kwa kidole gumba. Nilipokiondoa, shimo lilibaki. Nikangoja nyama irudi, haikurudi. Ilikuwa kama kubonyeza unga uliokandwa.

"Huyo hakunona," Mama Saida akasema, safari hii polepole. "Huyo amejaa maji. Mbebe twende."

Tulikwenda naye hospitali sote watatu, mama yako na tumbo lake, yaani na wewe. Ugonjwa huo waliuita kwashakoo. Walijitahidi. Lakini kuhara kulikuwa kumeshamwingia, na mwili haukuwa na cha kupigania. Aliishi siku sita wodini. Siku ya tano aliomba maji, akatamka neno zima bila kukosea, na mama yako akanigeukia akanitazama. Alikuwa akisema vizuri tu, na yai hakuwahi kula.

Wewe ulizaliwa wiki saba baadaye.

Mwaka uliofuata hali ilipotulia kidogo, nilivuka kwenda Petta kumwambia mama yangu. Nilimkuta ameketi na kinu kati ya magoti, amezeeka kwa namna ambayo sikuitarajia. Alilia, kisha akafuta uso kwa kanga, akaniuliza swali moja.

"Ulikuwa unamlisha nini?"

"Uji wetu, mama. Kama ulivyotulisha sisi."

"Wa nini?"

"Muhogo. Na wimbi, ukipatikana."

"Na ndani yake?"

Sikuelewa. Akakisukuma kinu mbele yangu nione. Mlikuwa na njugu zilizokaangwa na simsim, nusu zimepondeka, mafuta yameanza kutoka. Pembeni palikuwa na ungo wa kunde kavu zikingoja zamu, na samaki wadogo wa ziwani, wale mnaowaita omena upande huu na upande ule mukene.

"Hujawahi kunywa uji mtupu katika nyumba hii," alisema. "Wala hujala kwon bila mboga. Ulikuwa unakula tu, Okoth wangu, hukuwa unauliza."

Jina langu hakulitamka kwa hasira. Ingekuwa afadhali. Miaka yote ile ya kukumbuka nyumbani, nilikuwa nimeukumbuka ugali na kuisahau mboga, kwa sababu mboga ilikuwa kazi ya wanawake, na mimi nililetewa imeshaiva. Nilivuka mpaka na nusu ya chakula cha kwetu, nikaipa nusu hiyo heshima ya kitu kizima.

Ndipo nikaanza kusoma. Kile kitabu kisicho na jalada, ambacho umekiona kwenye rafu yangu tangu utoto ukidhani ni cha kufundishia, ni cha lishe, cha wanafunzi wa uuguzi. Nilikiokota katika lundo la vitabu chakavu sokoni. Sayansi yake nitakueleza kwa lugha ya mpaka, kwa kuwa umekulia kwenye foleni ya malori.

Mwili hujenga protini zake kwa vijenzi vidogo vinavyoitwa asidi za amino, kama ishirini hivi. Kwa protini hizo unajenga nyama na ngozi, unaotesha nywele, unapambana na maradhi, na kuna moja ndani ya damu inayozuia maji yasivujie miguuni. Asidi nyingi mwili unaweza kuzitengeneza wenyewe. Tisa hauwezi; sharti ziliwe. Ndiyo sababu zinaitwa za lazima. Sasa fikiria lori lenye kuhitaji karatasi tisa ili livuke. Dereva akiwa nazo nane, havuki kwa sehemu nane za tisa. Havuki. Na mwili hauna ghala la kuzitunza hizo nane mpaka ya tisa ifike siku atakayojaliwa mtu. Unazichoma kama kuni.

Wimbi na mahindi yana upungufu wa karatasi moja hasa, inayoitwa lisini. Maharagwe na kunde zina lisini tele, lakini zina upungufu wa nyingine, methionini. Simsim ina methionini nzuri. Samaki, maziwa na yai vina zote tisa. Muhogo una wanga wa kushibisha, na protini kidogo mno kiasi kwamba ni kama lori lililofika mpakani bila dereva. Mama yangu hakuwahi kusikia jina lolote kati ya haya, lakini kinu chake kilikuwa na karatasi zote. Wala si lazima zikutane katika sahani moja. Zikipatikana siku ile ile, mwili unazioanisha.

Nilipoyaelewa hayo nilikaa na kitabu mapajani mpaka mama yako akaniuliza kama naumwa. Mahindi ya njano na maharagwe, Achieng. Sufuria ya kambi ilikuwa na zote tisa. Bakuli la Mama Saida lilikuwa na zote tisa. Kitu nilichokiona ni aibu ndicho kingemvusha.

Wataalamu wa siku hizi wanasema kwashakoo haiji kwa upungufu wa protini peke yake, kwamba maambukizi na ubovu wa tumbo na umaskini wa chakula kizima hushirikiana. Nimeyasoma, na ni kweli. Sijifichi nyuma yake.

Ndani ya kitabu kile kuna sentensi iliyonifanya nikufiche ukweli. Inasema kwamba jina la ugonjwa huo lilitoka kwa watu wa pwani ya Afrika Magharibi, na maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake na mdogo wake anayekuja. Mdogo wake anayekuja ulikuwa wewe. Ulikuwa na miaka minne, unakata miwa kwa meno, na niliogopa kwamba siku moja utakua, ulisome neno hilo, uamini ulimnyang'anya kaka yako ziwa. Nikasema surua. Mama yako hakupenda. Mwaka ule wa mwisho wake aliniambia, "Mwambie. Ila umwambie vizuri, asidhani ni yeye." Nilimwahidi, na miaka kumi ikapita.

Basi nakuambia. Si wewe. Hata ile habari ya maziwa kuharibika si kweli. Mama mwenye mimba, akila vizuri, anaweza kuendelea kunyonyesha. Aliyemwondoa Owor mahali pake ni mimi, niliyekuwa nimeondolewa pangu, nikamlisha mtoto hamu yangu ya nyumbani badala ya chakula.

Unakumbuka mchezo wetu wa Jumamosi? Ulikuwa ukimaliza kuoga, unakaa kwenye ngazi, unaninyooshea miguu, nami nabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Ulikuwa ukisema, "Baba, piga kengele," halafu unalia "ngr-r-r" kila nikigusa. Uliwafundisha watoto wa Mama Saida, nao wakawa wanapanga mstari. Ulipokuwa darasa la sita uliniambia umekua, mchezo huo umeisha. Mimi sikuwa nacheza. Nilikuwa nangoja kuona kama nyama itarudi. Ilirudi kila mara, na kila mara nilishusha pumzi ambayo hukuisikia kwa kelele za kengele yako.

Sikusimulii haya ili unionee huruma. Najua pia hayatakuwa mepesi kubeba ndani ya ndege. Lakini mtoto huyu ulimsubiri miaka mingi, na ningekuwa mwizi kama ningempokea kwa sifa ambayo si yangu. Ninaweza kusema kwamba nimejua kupika kuliko wanaume wengi wa rika langu, na kwamba Mama Saida atakuwa mlangoni kila siku akinikagua, kama alivyonikagua ulipokuwa mdogo. Ninaweza kusema pia kwamba nina miaka karibu sabini na nilishawahi kukosea. Yote mawili ni kweli. Nabwire ana ng'ombe.

Nguo za Wandera nimezikunja ndani ya begi lake, liko nyuma ya mlango. Ukilichukua kesho upite nalo Buhehe, nitalibeba mwenyewe mpaka barabarani na nitamwandikia Nabwire mambo ya karatasi tisa, naye atacheka aseme mzee huyu anadhani mimi nilianza kupika jana. Ukiamua abaki, usiniambie kitu. Fungua begi, zipange nguo zake kwenye rafu ya chini, pale zilipokuwa zako. Nitaziona.

Na wewe huko uendako utainua miili ya watu wazima kutwa nzima. Usije ukaishi kwa mkate na chai kwa kuokoa muda. Usitafute chakula cha kwetu kwa macho. Kitafute kwa kinu cha bibi yako. Maharagwe ya huko na wali wa huko ni ndugu zake, hata kama harufu si ile. Harufu ile hutaipata. Mimi sijaipata, na nipo mwendo wa saa chache tu kutoka Petta.

Nasikia sauti ya Mama Saida barabarani, anakusindikiza, na kwa jinsi anavyokuambia "shika vizuri, usimwage" najua umebeba lile bakuli. Mpe mtoto kwanza. Kisha nipe na mimi.

Wandera ameamka. Amenitazama, amenyoosha mguu bila kuombwa. Sijui nani amemfundisha. Nimebonyeza. Nyama imerudi.

Baba yako,
Baba Owor